Kisanduku Nyuma ya Injini ya Burl Hatcher

Verlin Stroup alikuwa na gundu ambalo watu wa chama chake walilisema waziwazi, hata mbele yake: akianza kuunda modeli ya gari la mtu, mtu mwenyewe anakufa. Si uchawi, jamani. Verlin hana ubaya hata na panya wa gereji yake. Shida yake ni utaratibu. Wenzake wanamaliza modeli moja katika majira ya baridi. Yeye majira mazima anaweza kuyamalizia kwenye kiti cha dereva, kiti chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba, halafu theluji ikishayeyuka anakivunja kwa sababu mshono umekwenda upande. Na magari aliyoyapenda yalikuwa yale marefu membamba ya mbio za robo maili, ya enzi za ujana wa baba yake, ambayo madereva wake sasa walikuwa wazee wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Kwa hiyo yeye akiwa anapiga msasa, wao wanazikwa. Watatu walishamfanyia hivyo, na wa tatu alikufa rangi ikiwa bado mbichi.

Utauliza, mwenye gari akifa kuna hasara gani, si gari dogo lipo? Basi hulijui Ludlow Springs. Katika chama cha waunda modeli cha mji ule, modeli isiyo na saini chini ya tumbo ni mdoli tu. Saini yenyewe lazima iwe ya mkono ulioendesha gari la kweli au kulijenga. Mjane hafai, mtoto hafai. Mwenye gari anakuja siku ya maonyesho, anaivaa miwani yake, anaikagua modeli kila upande, na akiridhika kwamba ndilo lenyewe anaipindua na kuandika jina. Asiporidhika, anaweka kalamu mezani na kwenda kula pai. Delmar Pruitt, fundi wa mafriji aliyestaafu, alikuwa na saini nne, na alikuwa akizipindua modeli zake hata pasipo mtu kumwomba. Verlin alikuwa mjuzi kuliko Delmar, kila mtu alijua, lakini hakuwa na saini hata moja. Iliuma. Alijitia hajali, akitabasamu watu wakimtania, halafu akifika nyumbani anakaa kwenye ndoo gerejini na kuutazama ukuta.

Akabaki dereva mmoja wa zamani katika wilaya nzima, Burl Hatcher. Mzee huyu alikuwa na miaka themanini na sita, na ujanani mwake alikuwa akikimbiza gari aliloliita Miss Nadine, kwa jina la mkewe, limeandikwa ubavuni kwa mwandiko wa madaha. Gari lilikatwa vyuma chakavu zamani sana. Kilichobaki ni picha moja, nyeusi na nyeupe, iliyotundikwa kwa kinyozi baina ya kalenda na kichwa cha kulungu: Miss Nadine kaegeshwa pembeni mwa uwanja wa mbio, mchana wa jua kali, hakuna mtu karibu.

"Huyu ndiye wa mwisho," Verlin alimwambia mkewe, Marvella. "Nikimkosa huyu, basi tena."

"Basi fanya haraka, mume wangu, kabla hujamuua."

Verlin hakucheka. Aliiomba picha kwa kinyozi, akaipiga nakala kubwa, akaibandika ukutani gerejini, akaanza. Hakununua kiboksi cha vipande dukani. Hiyo kwake ni aibu. Fremu aliikunja kwa waya wa shaba. Mabomba ya moshi aliyapinda kwa risasi ya kuchomelea, yote manane, yakatoka yamepangana vizuri hadi akayatazama siku mbili bila kufanya kazi nyingine. Bati la kopo la soda likawa ubavu wa gari. Sindano za cherehani za Marvella zikaisha, kisha shanga zake, kisha hereni moja ambayo alikuwa akiipenda, na kwa hiyo hereni walinuniana wiki nzima.

Ndipo akafika kwenye kisanduku.

Nyuma ya injini, juu ya yale mabomba ya moshi, pichani kulikuwa na kitu. Kilikuwa cha mraba mrefu, cha bati linalong'aa, ncha zake za mviringo kidogo. Upande mmoja kilikuwa na sikio, nalo sikio limepinda kuelekea chini. Sikio limeshikiliwa kwa ribiti tatu, mojawapo kubwa kuliko wenzake. Hakuna gari jingine la aina ile lenye kitu kama hicho. Verlin alipekua majarida ya zamani mpaka macho yakamwasha. Akaangalia kwa lenzi, akaangalia kwa lenzi mbili. Mwishowe akakata kauli: ni kipozea mafuta, cha siri, alichokibuni Burl mwenyewe, na ndicho kilichomfanya ashinde mbio mwaka picha ile ilipopigwa.

Alikipeleka kitendawili chake chamani, na chama kikawaka moto.

"Kipozea mafuta gani kinakaa juu ya bomba la moshi?" Delmar alimuuliza. "Wewe unapoza au unakaanga? Hilo ni tangi la maji la dharura."

"Maji ya dharura ya nini? Gari linakimbia sekunde tisa."

"Sekunde tisa ni nyingi ukiwa unaungua, Verlin."

Walibishana hivyo kuanzia vuli hadi baridi. Urafiki wa watu wawili wengine ulivunjika kabisa, na hao hata hawakuwa wakiunda gari lile. Sasa mtu mwenye akili timamu angesema: si mzee yuko hai, anakaa mtaa wa tatu, nendeni mkamuulize? Huko ndiko kutowaelewa hawa watu. Kwa waunda modeli wa Ludlow Springs, kumuuliza mwenye gari kabla modeli haijakamilika ni kuibia mtihani. Unasoma picha. Picha ikisema kuna kisanduku, unaunda kisanduku. Zaidi ya hayo Verlin alikuwa na sababu yake ya pembeni: wale watatu waliokufa, wote alikuwa amewatembelea. Kwa Burl hakuthubutu hata kupita barabara yake.

Marvella aliingia gerejini siku moja na kikapu cha nguo, akasimama mbele ya ile picha kubwa.

"Hicho mbona kama kitu cha jikoni?"

"Mke wangu," Verlin alisema kwa upole wa kuudhi, "hii ni injini."

"Haya. Mimi nimesema tu." Akaenda zake na kikapu chake.

Kisanduku kilimchukua majira yote ya baridi. Alikitengeneza kwa bati jembamba, akakipiga kwa nyundo ndogo ya sonara. Ribiti alizitengeneza kwa vichwa vya pini, na ile kubwa akaitafutia pini yake ya peke yake. Lile sikio lililopinda alilivunja na kulirudia hadi pembe ikawa ileile ya pichani, na kona moja ya kisanduku akaitia kibonyeo kidogo kama alivyokiona. Mwishowe akakigandisha mahali pake. Katika kila alichowahi kuunda maishani, hiki kilikuwa kizuri kuliko vyote, na yeye mwenyewe alijua.

Modeli ikaisha, na Burl Hatcher alikuwa bado hai. Watu wa chama hawakuamini. Delmar alimpigia simu mzee mwenyewe kuhakikisha.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa wazima moto. Magari ya zimamoto yalitolewa nje, meza zikapangwa, kina mama wakawa wanauza supu ya maharage na pai za krimu. Verlin alivaa tai. Aliiweka Miss Nadine juu ya kioo ili tumbo lake lionekane, tumbo safi, lisilo na kitu, lililoachiwa nafasi ya jina moja. Kila mlango ulipofunguka aliinuka.

Burl aliingia na fimbo yake, na mkewe Nadine pembeni. Nadine alikuwa bibi mfupi mwenye mkoba mkubwa, mwendo wake wa haraka kuliko wa mume. Aliona pai, akaelekea huko kwanza. Burl akaja moja kwa moja mezani, akainama, akaikagua kila upande.

"Kijana," alisema hatimaye. Verlin alikuwa na miaka sitini na mitatu. "Hili ni gari langu."

"Ndiyo, mzee."

"Nimelikalia hili. Hapa mguu ulikuwa unaungua kila mara. Ona, mpaka ule mkanda uliochanika." Alitoa leso, akajifuta. "Sikutegemea kuliona tena. Lete kalamu."

Verlin alisikia machozi yakimjia, akayameza. Akachomoa kalamu mfukoni, ile aliyoinunua kwa kazi hii na kutembea nayo miaka yote. Burl akaipokea, akaishika modeli kwa uangalifu, akaanza kuigeuza. Ndipo jicho lake likatua nyuma ya injini. Uso ukamshuka. Akairudisha modeli juu ya kioo polepole, kalamu akaitia mfukoni mwake, akamshika Verlin kiwiko na kumvuta hadi nyuma ya birika kubwa la kahawa.

"Kile kidude kitoe," alinong'ona.

"Kipi, mzee?"

"Unakijua. Cha bati."

"Kipozea mafuta?"

"Kipozea nini?" Burl alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Lile ni bati la kuokea, bwana. Mle mlikuwa na mkate wa nyama. Nililiweka juu ya mabomba ya moshi upate joto, tule baina ya mbio. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo, ila wenzangu walikuwa wakifunga kwenye karatasi."

Verlin alishika meza. Alifikiria zile ribiti, lile sikio, majira yote ya baridi, na Delmar na tangi lake la maji, na Marvella na kikapu chake cha nguo. Hakujua aanze kumwonea haya nani.

"Sasa kwa nini litolewe? Lilikuwepo. Liko pichani."

"Ndiyo shida yenyewe, liko pichani." Burl alichungulia upande wa pai. "Sikiliza. Lile bati lilikuwa la mama mkwe wangu. Alipofariki, Nadine alirithi bati, na dada yake Opal hakufurahi. Wote wawili walilitaka. Mimi nikalichukua siku ile bila kuomba. Tukaitwa mstarini ghafla, nikasahau kulitoa, nikakanyaga mafuta. Liliruka huko mbele, likaenda kwenye shamba la mahindi na mkate wake. Nililitafuta mpaka jua linazama."

"Ukamwambiaje mkeo?"

Burl alikunakuna shingo. "Nikamwambia nilimwona Opal akitoka mlango wa jikoni."

"Mzee Burl."

"Nilitegemea watapatana baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikapita. Halafu ikawa Krismasi. Baada ya Krismasi mtu unaanzia wapi kusema? Basi nikanyamaza, na wao wakanyamaziana, mpaka leo. Miaka sitini na kitu. Opal anakaa Mtaa wa Elm, hapo nyuma ya benki. Wakikutana sokoni mmoja anageuza kitoroli." Alimkamata Verlin mkono. "Kitoe kile kidude, mimi nisaini, twende zetu. Nani atajua?"

Hilo ndilo lilikuwa jaribu. Saini ilikuwa kwenye mfuko wa huyu mzee. Kilichotakiwa ni ncha ya kisu, kugeuza mara moja tu. Alirudi mezani, akafungua kijisanduku cha zana, akachukua kisu chake chembamba. Akainama. Akakitazama kisanduku. Kama kingetoka, saini ya Burl ingesema hili ndilo gari lenyewe, na lisingekuwa lenyewe. Picha ingekuwa inamtazama kila siku gerejini. Lakini kama kisingetoka, hakuna saini, na baada ya Burl hakuna mwingine. Alitaka ile saini vibaya sana. Akaweka ncha ya kisu kwenye gundi. Akaiondoa. Akafuta miwani. Akaiweka tena.

Mtu mwingine yeyote wa chama kile angekuwa ameshamaliza. Verlin ni Verlin.

Alikuwa bado kainama pale, kisu mkononi, Delmar alipotokea kamshika Nadine mkono na kumleta mezani, akijidai mwenyeji. Mkono wa pili alikuwa na lenzi yake ya kukagulia.

"Njoo uone, mama. Gari la mzee wako, na jina lako hili hapa ubavuni. Pisha kidogo, Verlin. Sasa tazama nyuma ya injini. Sisi hapa tumegombana mwaka mzima. Mwenzangu anasema kipozea mafuta. Mimi nasema tangi la maji la dharura."

Nadine aliichukua lenzi. Akainama. Kipande cha pai kilikuwa bado mkono wa kushoto, kwenye sahani ya karatasi, na Verlin aliiona ile sahani ikianza kwenda upande.

"Tangi la maji," Nadine alisema, "lina sikio?"

"Hapo ndipo penye utaalamu, mama, maana lile sikio..."

"Sikio limepinda. Na ribiti tatu. Hii kubwa aliigonga baba yangu, kwa sababu ile ya kwanza ilitoka mama alipompiga nalo paka." Aliweka pai chini. "Na hapa kwenye kona lilibonyea siku ya harusi yangu. Burl Hatcher, njoo hapa."

Hakupaza sauti. Lakini Burl, ambaye alikuwa keshafika mlangoni bila fimbo, alisimama na kurudi.

"Nadine, mpenzi..."

"Hilo ni nini?"

Burl alimtazama Delmar. Delmar, Mungu ambariki, alifungua mdomo kusema tangi la maji, akaufunga.

"Ni bati la mama," Burl alisema.

"Liko wapi?"

"Mahindini. Liliruka."

"Na Opal?"

"Opal hakuja jikoni. Opal sikumwona. Nilikuogopa, Nadine. Nilikuogopa siku ile, na nimekuogopa kila siku baada ya hapo, na bado nakuogopa."

Watu wa meza za jirani walikuwa wamegeuka. Hata kina mama wa pai waliacha kukata. Nadine alisimama pale mikono kiunoni, na uso wake ulikuwa haujaamua kama ulie au umrarue mtu. Verlin alikiweka kisu chini. Aliona aibu kuwa nacho.

"Saini," Nadine alisema.

"Mama?" Verlin alidhani anaambiwa yeye.

"Nasema na huyu. Si umeletwa hapa kusaini? Saini."

"Nikisaini," Burl alisema kwa unyonge, "ni kama nimekiri mbele ya hakimu."

"Ndiyo maana utasaini."

Burl akachomoa ile kalamu. Modeli ikapinduliwa, na mbele ya chama kizima akaandika: Ndilo lenyewe. Burl Hatcher. Nadine aliyekuwa akichungulia kwa lenzi akamwambia haijatosha. Akaongeza: Bati nilichukua mimi. Akapeperusha wino ukauke, akamkabidhi Verlin modeli yake.

Kwa hiyo alikuwa nayo. Saini halali, ya mkono ulioendesha. Delmar mwenyewe alimpiga begani. Verlin alisoma yale maneno mara mbili, akahisi furaha ikimpanda, na akataka kuirudisha modeli juu ya kioo, kwa sababu waamuzi walikuwa wameshaanza kukagua meza ya kwanza, na kikombe cha mshindi cha mwaka ule, sasa hivi, kilikuwa chake bila ubishi.

Nadine alikuwa ameshafungua mkoba.

"Naomba hiyo."

"Mama, kuna sheria. Modeli haitoki mezani mpaka waamuzi wapite. Saa mbili tu, halafu mimi mwenyewe nitakuletea popote."

"Dada yangu ana miaka tisini," Nadine alisema. "Mwezi uliopita alikuwa hospitali. Nilisikia kwa watu."

Kuliko mtu yeyote pale ukumbini, Verlin Stroup hakuhitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Aliwakumbuka wale watatu, kila mmoja na saa mbili zake. Akatazama kioo kitupu mezani, akafungua tai.

"Usiitie kwenye mkoba, itavunjika magurudumu," alisema. "Nitaishika mwenyewe. Twendeni, nitawapeleka."

Delmar alimfuata hadi mlangoni. "Una wazimu wewe? Kikombe kinakwenda kwangu hivihivi."

"Kichukue," Verlin alisema, na alishangaa kwamba kilimuuma, lakini si kama alivyotegemea.

Wakapanda gari la Verlin. Burl aliwekwa kiti cha nyuma na fimbo yake. Marvella angekuwepo angecheka, lakini Verlin hakuwa na nafasi ya kucheka. Kwa kuwa yeye alishika usukani, Nadine ndiye aliyeipakata modeli, na kwenye kila tuta Verlin aliisikia kila gundi aliyowahi kuitia.

Nyumba ya Opal ilikuwa na ngazi za mbao na mlango uliopakwa kijani. Nadine aligonga. Wakasikia vishindo vya fremu ya kutembelea ya wazee, taratibu, kisha mlango ukafunguka kadiri mnyororo unavyoruhusu.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Nadine."

Jicho moja liliwapitia wote watatu, likakaa kwa Burl, likarudi.

"Umekuja kulitafuta bati?"

"Hapana," Nadine alisema, na sauti ikamkatika. "Nimelileta."

Mnyororo ulifunguliwa. Opal alikuwa mrefu, mkavu, kavaa sweta mbili. Nadine alimnyooshea modeli, akamwonyesha kwa kidole, na Opal akaisogeza karibu na pua, akaitazama, akaitazama tena.

"Ndilo," alisema. "Sikio hilo hapo. Mbona dogo hivi?"

"Ni kipimo cha moja kwa ishirini na tano, mama," Verlin alisema.

"Sijaongea na wewe."

"Dada," Nadine alisema. "Soma chini."

Opal aliipindua. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na herufi. Alipomaliza alimtazama shemeji yake, na Burl akajaribu kujificha nyuma ya Verlin, ambaye ni mwembamba.

"Shemeji Burl aliapa mbele ya mchungaji kwamba aliniona mlango wa jikoni," Opal alisema. "Leo ndiyo nikubali saini yake? Mtu huyu hata akiniambia jua limechomoza nitafungua pazia. Nataka shahidi. Hiki kigari kaunda nani?"

"Mimi," Verlin alisema.

"Na bati uliliona kwa macho yako?"

"Kwenye picha. Nililitazama majira yote ya baridi."

"Juu ya gari la huyu?"

"Juu ya gari lake. Naweza kukuletea picha."

"Utaileta. Kwa sasa saini."

Verlin alisita. Katika chama cha Ludlow Springs, muundaji haandiki jina lake chini ya modeli. Tumbo ni la mwenye gari, na wewe kazi yako ni kunyamaza na kushukuru. Katika modeli zote alizomaliza hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake popote. Hakuna aliyewahi kumwomba. Burl akamrudishia kalamu, akaigeuza ili kifuniko kiwe kwake, kama karani. Verlin akapiga goti moja pale ngazini, akaweka modeli juu ya goti la pili, na chini ya jina la Burl Hatcher akaandika Verlin Stroup, herufi zote. Ilikuwa raha asiyoijua, tofauti na ile ya ukumbini, na kwa sababu hiyo akaandika pia jina la mtaa wake, ambalo halikuhitajika.

Opal alisoma, akaridhika, akaibana modeli kwapani, magurudumu na vyote. Verlin alifumba macho.

"Ingia ndani, Nadine, baridi hiyo," Opal alisema. "Nyinyi wawili bakini hapohapo."

Mlango ukafungwa. Wanaume wakabaki wakiutazama ule ukijani.

"Atakurudishia, unadhani?" Burl aliuliza.

"Sidhani."

"Pole, kijana."

"Hapana," Verlin alisema. "Si neno."

Wakasikia viti vikivutwa ndani. Kisha ikaja sauti, kisha mbili kwa pamoja, zikapanda, zikakatika. Burl alishika fimbo kwa mikono miwili. Mwishowe hakuvumilia, akamsukuma Verlin kwa kiwiko aende kwenye dirisha.

"Wanalia? Niambie tu. Wanalia?"

Verlin aliweka sikio karibu na kioo, akasikiliza kwa utaratibu wake.

"Wanagombania meza ya mama yao," alisema. "Opal anasema aliahidiwa yeye. Nadine anasema thubutu."

Burl alivuta pumzi ndefu, akateremka ngazi moja, akakaa.

"Basi wameshapatana," alisema.